Karatasi Inyooshwe Ingali na Unyevu: Namna ya Kukausha Picha za Sayanotaipu Zisijikunje

Umepaka dawa vizuri, umepima jua vizuri, umeosha mpaka maji yakatoka meupe. Buluu imekolea. Unaitundika picha kwa kibanio kimoja, unakwenda kulala, na asubuhi unakuta kitu kimejikunja kama gome la mti. Ukiiweka mezani pembe zote nne zinatazama juu. Ukiigeuza, tumbo linatuna katikati. Kuiingiza kwenye fremu ni vita, na hata ikiingia, kioo kinaigusa hapa na kuiacha pale.

Kwa muda mrefu niliilaumu karatasi. Nikanunua nzito zaidi, nikanunua ghali zaidi, na bado zilijikunja, ila sasa zilijikunja kwa nguvu zaidi. Kosa lilikuwa kwenye saa chache za kukauka, ambazo nilikuwa nazitumia kulala. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Karatasi nayo ina ubichi wake: kuna kipindi kifupi, kati ya kulowa na kukauka, ambapo inakubali umbo unalolitaka. Ukikiwahi, kazi iliyobaki ni ya ubao na uzito. Ukikikosa, utapambana nayo baadaye kwa pasi na maombi.

Mwongozo huu unahusu hasa sayanotaipu, ile njia ya kuchapa picha za buluu kwa dawa ya chumvi za chuma na mwanga wa jua, aliyoivumbua John Herschel mwaka 1842, kwa sababu ndiyo wengi wanaoanzia. Lakini picha za chumvi, za platini na ndugu zake za chumvi za chuma zinakaushwa vivyo hivyo. Gamu na kaboni, njia nyingine mbili za kuchapa picha kwa mkono, zina masharti yake, nitayagusa mbele.

Karatasi inafanya nini inapokauka

Karatasi ya rangi za maji ni mkeka wa nyuzi za selulosi, mara nyingi za pamba. Uzi mmoja ukinywa maji hunenepa sana lakini haurefuki sana. Ukikauka, hukonda. Sasa zidisha jambo hilo kwa mamilioni ya nyuzi zilizoshikana: karatasi nzima hutanuka ikilowa na husinyaa ikikauka. Hilo peke yake si tatizo. Ingetanuka na kusinyaa yote kwa pamoja, ingebaki tambarare.

Tatizo ni kwamba haikauki yote kwa pamoja. Kingo hukauka kwanza kwa sababu zinapata hewa pande nyingi, na zinasinyaa wakati katikati bado pamelowa na pametanuka. Eneo la katikati linakosa pa kwenda, linatuna. Hapo ndipo mawimbi na matumbo yanapozaliwa. Kujikunja kunatokana na tofauti ya pande mbili: uso wa mbele na wa nyuma haukauki kwa kasi moja, na kwa kawaida karatasi huishia kupinda kuelekea upande uliochelewa kukauka, kwa kuwa huo ndio unaovuta mwisho. Picha uliyoilaza juu ya kioo ikapigwa feni kwa juu inakausha uso mmoja tu. Basi inapinda.

Kuna pia mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ya mashine nyuzi zake nyingi zimelala upande mmoja, ule mashine ilikokuwa inaelekea. Kwa kuwa uzi hunenepa kuliko unavyorefuka, karatasi hiyo hutanuka zaidi kwa upande unaokatiza nyuzi. Karatasi iliyotengenezwa kwa mkono haina mwelekeo mkali, na ile ya ungo wa mzunguko iko katikati ya hizo mbili. Kujua mwelekeo wa yako, kata kipande cha mraba cha sentimita tano, lowesha uso mmoja kwa kidole, kisha kiangalie. Kitajiviringisha kama bomba, na urefu wa bomba hilo ndio mwelekeo wa nyuzi. Weka alama ya penseli nyuma ya karatasi nzima. Alama hiyo itakufaa ukianza kuchapa tabaka zaidi ya moja.

Mchango wa tatu ni jelatini. Karatasi nyingi za rangi za maji huwekewa jelatini au kitu kingine cha kuzuia zisinywe maji kama sifongo. Jelatini ikikauka husinyaa kuliko karatasi, kwa hiyo karatasi uliyoipaka jelatini uso mmoja tu itapinda kuelekea uso huo, hata ukiikausha kwa adabu kiasi gani. Ukiamua kuongeza jelatini mwenyewe, ni salama kuitumbukiza karatasi nzima ili pande zote mbili zipate.

Tabia hii ya karatasi ni ya siku nyingi. Wahandisi na wasanifu majengo walipoanza kunakili ramani zao kwa sayanotaipu, nakala zilioshwa kwa maji na kukaushwa, na vipimo vyake vilisogea kidogo. Mtu aliyeweka rula juu ya nakala hakuweza kuiamini kama ramani ya awali. Wewe picha yako haijengi nyumba, lakini kusogea ni kulekule.

Uzito wa karatasi

Hapa nitapita haraka. Chini ya gramu 200 kwa mita ya mraba, karatasi hujaa mawimbi ikiwa bado kwenye trei, na ikilowa ni rahisi kuichana. Gramu 300 ndiyo ya kati, inayotosha kwa picha nyingi. Gramu 640 ni nzito karibu kama kadibodi: haipati mawimbi kwa urahisi, lakini ikishapinda imepinda, na inakaa na maji ndani kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Mimi hutumia 300 yenye uso laini. Chaguo hilo halijaniondolea kazi ya kukausha, limeipunguza tu.

Jambo moja la kuangalia: karatasi nyingi za wasanii huwekewa kalsiamu kabonati ili zisipate asidi kwa miaka ijayo. Nia ni njema, lakini buluu ya sayanotaipu haipatani na alkali. Huparara. Tafuta karatasi isiyowekewa, na kumbuka neno hili tunapofika kwenye karatasi za kunyonya maji, kwa sababu mtego ni uleule.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kulowesha chochote

Usianze kuosha picha kisha ukaanza kutafuta ubao. Andaa kwanza.

Mbao mbili zilizo tambarare kweli, kila moja kubwa kuliko picha kwa sentimita tano kila upande. Plaiwudi nene inafaa, lakini ipake vanishi pande zote mbili na uiache ikauke siku kadhaa, kwani mbao tupu hutoa rangi ya kahawia ikilowa. Vipande viwili vya kioo kinene vyenye kingo zilizosuguliwa ni bora zaidi.

Karatasi za kunyonya maji, nyeupe, zisizo na rangi wala harufu, na kwa sayanotaipu zisizowekewa kalsiamu kabonati. Uwe nazo za kutosha kubadilisha mara tatu au nne. Usitumie magazeti: wino wake unahama. Usitumie pia karatasi za jikoni zenye vidoto vya kuchongwa. Niliwahi kuharibu picha ya mkono wa mama yangu hivyo, ikatoka na vidoto vidogo juu ya ngozi yote kama ana upele. Karatasi iliyolowa hupokea umbo la chochote kinachoikandamiza.

Kitambaa chembamba cha polyesta kisichofumwa, cha kukaa kati ya uso wa picha na karatasi ya kunyonya. Maji yanapita, nyuzi hazigandi.

Fremu yenye wavu wa plastiki au wa nyuzi za kioo, kama ule wa kuzuia mbu dirishani. Wavu wa chuma uache. Kutu na chembe za chuma zikikutana na mabaki ya dawa ya sayanotaipu hutoa madoa ya buluu mahali usipoyataka, na ndiyo sababu vibanio navyo viwe vya plastiki au vya mbao visivyo na chuma kinachogusa karatasi.

Uzito. Dumu la maji ni rafiki mzuri hapa, kwa sababu lita moja ni kilo moja: dumu la lita tano ni kilo tano, na ukitaka kupunguza unamwaga. Hakikisha kifuniko hakivuji, kisha hakikisha tena.

Kabla ya kupaka dawa

Watu wengi hufikiria kunyoosha mwishoni tu. Lakini karatasi yenye mawimbi wakati wa kuchapa haigusani vizuri na negativi, ile filamu yenye picha iliyogeuzwa mwanga na kivuli inayolazwa juu ya karatasi, na sehemu isiyogusana inatoka na ukungu. Kwa hiyo kazi inaanzia hapa.

Ukipaka dawa kwa brashi, karatasi italegea na kuinuka chini ya mkono wako. Ishike pembe nne kwa utepe wa karatasi juu ya kioo, paka, kisha iache imelala mpaka mng'ao wa maji upotee. Ukiitundika mapema, dawa inatiririka kwenda chini na picha inakuwa nzito upande mmoja. Mng'ao ukishapotea, iondoe, ilaze kwenye wavu gizani ili hewa ipite juu na chini. Ukiharakishwa, tumia kikaushia nywele kwa hewa baridi, ukipuliza nyuma zaidi kuliko mbele, bila kusimama sehemu moja. Ihakikishe imekauka kabisa kabla haijakutana na negativi, kwa sababu unyevu unaiharibu negativi, na negativi huenda ni moja tu. Ikiwa bado ina mawimbi madogo, ibane gizani kati ya karatasi mbili safi kwa saa moja. Usiiache kwa siku nyingi, maana dawa iliyopakwa huanza kujigeuza yenyewe.

Anayepanga kuchapa tabaka nyingi, mathalani gamu juu ya sayanotaipu, aisinyaze karatasi kwanza. Itumbukize kwenye maji ya moto ya nyuzi joto 50 hivi kwa nusu saa, ikaushe kwa njia ninayoeleza hapa chini, na ikiwezekana rudia mara ya pili. Karatasi iliyokwisha kupitia hayo haisogei sana baadaye, na tabaka la tatu litakaa juu ya la kwanza bila kuonyesha pua mbili.

Hatua ya 1: Kuosha na kuitoa majini

Osha mpaka rangi ya manjano iishe kabisa kwenye sehemu nyeupe. Hili ni suala la picha, ndiyo, lakini pia ni suala la kukausha: mabaki ya dawa yakibaki ndani yatahamia kwenye karatasi ya kunyonya na kurudi tena kama doa. Tone la siki kwenye maji ya kwanza husaidia pale maji ya bomba yana alkali.

Kuitoa majini ndipo mikunjo mikali inapopatikana. Karatasi nzito iliyoshiba maji haina nguvu ya kujibeba. Ukiinyanyua kwa pembe moja inavunjika kimya kimya, na mstari wa mvunjiko hautoki hata ukiibana mwezi mzima. Teleza kipande cha plastiki kigumu chini ya picha ikiwa bado ndani ya trei, kisha inua vyote pamoja. Kama huna, shika pembe mbili za upande mfupi na uinue polepole ukiielekeza wima, maji yamwagike yenyewe.

Hatua ya 2: Kuondoa maji ya juu

Ilaze ikiwa bado juu ya plastiki yake, uso juu. Inamisha upande mmoja kwa dakika moja hivi. Kisha weka karatasi ya kunyonya juu yake na uipitishe kiganja kwa upole, kutoka katikati kwenda nje. Usisugue. Geuza, fanya vivyo hivyo nyuma, na nyuma unaweza kutumia nguvu kidogo zaidi au rola laini ya mpira. Lengo ni kutoa maji yanayoonekana tu. Yaliyo ndani ya nyuzi yaache.

Kwenye sayanotaipu uso unavumilia kuguswa hivi. Kwenye gamu hauvumilii hata kidogo, na wa gamu aruke sentensi hizo.

Hatua ya 3: Kusubiri ubichi ufaao

Hapa ndipo pa kukaa macho.

Ilaze picha kwenye wavu, uso juu, mahali pasipo jua wala feni inayopiga upande mmoja. Hewa ipite juu na chini. Kama una wavu wa pili, uweke juu yake kama kifuniko chepesi ili kingo zisiinuke. Sasa ngoja, na usiende mbali.

Ikiwa imelowa kabisa, karatasi ni laini kama kitambaa na ina rangi nzito. Kidogo kidogo inapauka. Kingo zinapauka kwanza, kisha katikati, na hapo zitaanza kuinuka kidogo. Usisubiri ziinuke sana. Weka mgongo wa mkono, au shavu, nyuma ya picha. Ukihisi baridi lakini mkono hautoki na maji, umefika. Ubaridi huo ni maji yanayoendelea kuvukiza. Ukitoweka, karatasi imekauka na umechelewa. Ukiona mng'ao wowote, au kidole kikitoka na unyevu, bado ni mapema.

Muda? Hewa kavu, karatasi ya gramu 300: huenda nusu saa. Hewa nzito yenye unyevu: saa mbili, hata zaidi. Ndiyo maana sitoi dakika. Saa ya ukutani haijui hali ya hewa ya chumba chako, shavu linajua.

Kuna wanaoruka hatua hii na kubana picha ikiwa imelowa chepechepe. Inawezekana, lakini utabadilisha karatasi za kunyonya kila baada ya dakika kumi, na katika hewa ya joto karatasi zilizolowa zikikaa zimebanwa kwa siku mbili huota ukungu. Madoa yale ya kahawia hayaoshiki.

Kingo zikikutangulia, yaani zimekauka na katikati bado pabichi, usibane hivyo hivyo. Nyunyizia kingo kwa nyuma ukungu mwepesi wa maji safi, ngoja dakika kumi, jaribu tena kwa shavu. Unachotafuta ni unyevu unaolingana kila mahali. Kiasi chake ni jambo la pili.

Hatua ya 4: Kubana

Panga kuanzia chini: ubao, karatasi mbili za kunyonya, picha uso juu, kitambaa cha polyesta, karatasi mbili za kunyonya, ubao wa juu. Hakikisha hakuna mchanga, unywele, wala mkunjo wa kitambaa. Kila kitu kitachapishwa kwenye picha yako. Karatasi za kunyonya ziwe kubwa kuliko picha. Zikiwa ndogo, ukingo wake utaacha mstari.

Ukiwa na picha kadhaa za ukubwa mmoja, zipange kwa tabaka, kila moja na karatasi zake. Usichanganye ndogo na kubwa kwenye rundo moja, kwani ndogo itaacha umbo lake kwenye kubwa.

Anza na uzito mdogo, kilo mbili tatu, umeenea sawasawa. Karatasi bado inasinyaa na inahitaji nafasi ya kuteleza kidogo kati ya karatasi za kunyonya. Ukiikandamiza kwa nguvu tangu mwanzo, kingo zinashikwa kabla katikati hapajamaliza kusinyaa, na kile ulichokuwa unakikimbia kinakungoja ndani ya mbao.

Vitabu? Vinafaa, mradi viko juu ya ubao. Kitabu kilichowekwa moja kwa moja juu ya karatasi kinaacha umbo la mgongo wake. Na vitabu unavyovipenda viweke mbali na unyevu.

Hatua ya 5: Kubadilisha karatasi za kunyonya

Hatua hii inachosha na ndiyo inayofanya kazi. Karatasi za kunyonya zikishashiba zinaacha kunyonya, na picha inakaa kwenye unyevu wake.

Badilisha baada ya dakika 20 hivi. Kisha baada ya saa moja. Hapo ongeza uzito mpaka kilo kumi kwa picha ya ukubwa wa A4, zaidi kwa kubwa. Badilisha tena kabla ya kulala, na mara moja asubuhi. Kila mara gusa karatasi uliyoitoa: ikiwa bado baridi, kazi haijaisha. Zilizolowa zianike, zikikauka zitatumika tena, isipokuwa zilizopata manjano au buluu. Hizo zitupe. Manjano yakionekana, picha haikuoshwa vizuri. Irudishe majini leo, usisubiri kesho.

Usishangae buluu ikionekana hafifu mwanzoni. Sayanotaipu huendelea kukolea kwa saa 24 hivi baada ya kuoshwa, kadiri hewa inavyofanya kazi yake, na kila unapofungua mbao kubadilisha karatasi unaipa hewa hiyo.

Baada ya mabadiliko ya nne, iache siku nzima. Gramu 640 ipe siku mbili au tatu. Watu hutoa mapema kwa sababu uso unaonekana mkavu, lakini katikati ya unene bado kuna maji, na ndani ya saa moja mezani picha inaanza kunyanyua pembe mbele ya macho yako. Ikitokea, irudishe mara moja. Bado ni mbichi, bado inasikia.

Hatua ya 6: Kuitoa

Usiitoe na kuiacha kwenye chumba chenye hewa kavu ya kipasha joto au upepo wa feni. Iweke kwenye folda au kati ya kadibodi mbili nyepesi kwa siku moja izoee hewa ya pale itakapokaa. Karatasi haiachi kunywa na kutoa unyevu wa hewa maisha yake yote. Picha iliyonyooka kwenye chumba chenye unyevu inaweza kuinua pembe ikihamishiwa pakavu, na hilo si kosa lako.

Njia ya utepe

Wachoraji wa rangi za maji wana njia yao: karatasi iliyolowa inalazwa kwenye ubao, kingo zinashikwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi ya kulowesha, wa upana wa sentimita nne au tano, na inaachwa ikauke. Ikisinyaa inajivuta yenyewe na kukakamaa kama ngozi ya ngoma. Kwa picha inafanya kazi pia, na matokeo ni tambarare kuliko njia nyingine yoyote niliyojaribu.

Ila ina gharama. Unahitaji ukingo mweupe wa angalau sentimita tatu, kwa sababu sehemu yenye utepe itakatwa. Ukingo wa asili wenye nyuzi, ule wengi wanaoupenda, unapotea. Uso mmoja tu ndio unaopata hewa, kwa hiyo ni lazima ubaki umeshikwa mpaka ukauke kabisa. Ubao ulale chini, usiegemezwe, la sivyo maji yanajikusanya chini na upande huo unavuta kwa nguvu kuliko mwingine. Na ukikata, kata pande zinazotazamana, moja kisha mwenzake. Ukikata mbili zinazopakana kwanza, mvutano wa pande zilizobaki unaweza kuichana karatasi pembeni. Mimi huitumia kwa picha kubwa zinazokwenda kwenye fremu moja kwa moja. Kwa nyingine zote, mbao.

Gamu, kaboni na zenye jelatini

Picha ya gamu ikitoka majini uso wake ni tope la rangi lililoshikwa na gundi laini. Usiguse, usikamue. Ilaze uso juu kwenye wavu mpaka ikauke kabisa, hata kama itapinda, kisha inyooshe kwa kulowesha nyuma kama nitakavyoeleza. Vaa glavu katika hatua zote za gamu, kwani chumvi za daikromati zilizomo kwenye dawa yake ni sumu na husababisha saratani.

Kaboni na picha nyingine zenye tabaka la jelatini zinagandana na karatasi ya kunyonya zikibanwa zikiwa na unyevu. Ukishaona nyuzi nyeupe zimeng'ang'ania kwenye kivuli cheusi cha picha hutasahau. Zisubiri zikauke uso kabisa, na hata hapo tumia karatasi yenye silikoni, ile ya kuokea isiyoshika, kati ya uso na kila kitu kingine.

Picha iliyokwisha kujikunja

Usiinyooshe kwa kuikunja upande wa pili. Nyuzi kavu zinavunjika.

Ilaze uso chini juu ya kitambaa cha polyesta. Nyunyizia nyuma ukungu mwembamba wa maji safi yasiyo na madini, kutoka juu ili matone makubwa yaanguke kabla ya kufika. Ngoja dakika tano, nyunyizia tena. Karatasi itaanza kulegea yenyewe. Ifanyie ule mtihani wa shavu. Ikiwa baridi sawasawa kila mahali, ibane kama picha iliyotoka majini, kuanzia hatua ya 4, bila kuruka kubadilisha karatasi.

Kwa picha usiyotaka kuilowesha moja kwa moja, iweke kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko, juu ya wavu, na chini ya wavu kitambaa kilicholoweshwa kisha kukamuliwa. Funga saa kadhaa. Picha itanywa unyevu wa hewa tu, bila tone hata moja kuigusa, na itatoka laini tayari kubanwa. Usiisahau humo usiku kucha.

Pasi ni chaguo la mwisho. Kiwango cha chini kabisa, mvuke umezimwa, picha ikiwa na unyevu kidogo na imefunikwa kwa karatasi safi pande zote mbili, ukipita nyuma tu, kutoka katikati kwenda nje. Kisha ikiwa bado vuguvugu, moja kwa moja chini ya ubao hadi ipoe. Ukiiacha ipoe mezani itajikunja tena hata kabla hujaichomoa pasi ukutani.